Alizaliwa Siku Uliyochukuliwa

Kwako Aabo, baba yangu, popote ulipolazwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ni lugha uliyonipa wewe. Kisomali ninacho tangu nizaliwe, lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika, na hata kama ningefundishwa, sidhani ningeweza kuyasema haya kwa maneno yaleyale ambayo mama yangu, Hooyo, anayatumia kuniitia chai. Kwa Kiswahili napata mahali pa kusimama.

Miaka kumi na mitano sikukuandikia hata mstari mmoja. Barua huandikiwa mtu aliye mahali fulani, na hata marehemu ana mahali pake. Wewe kwetu hukuwa hai wala hukuwa maiti. Mkeo alikataa kuvaa nguo nyeupe za mjane, akakataa matanga, akakataa mtu yeyote akusomee dua yoyote. Sasa mambo yamebadilika, nawe ni haki yako kujua yalivyobadilika.

Najua unaikumbuka baraza yetu pale Wajir. Cherehani yako ilikaa upande wa kivuli, na redio juu ya kiti kisicho na mgongo, imevikwa koti la ngozi ulilolishona mwenyewe. Betri zikichoka ulizianika juani kama nyama, kisha zikaamka tena kwa siku mbili tatu. Ulijifunza Kiswahili chote kutoka kwenye redio ile. Mtangazaji alitamka neno, nawe ukalirudia huku mguu unakanyaga pedeli. Kipindi ulichokipenda kuliko vyote ni kile kifupi cha asubuhi kilichoeleza nini kilitokea siku kama ya leo: mfalme fulani alizaliwa, mji fulani ulitekwa, mwanachuoni fulani alifariki. Ulinitazama ukaniuliza, "Na katika nyumba hii, siku kama ya leo nani alizaliwa?" Nami nikacheka, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyejua. Wewe mwenyewe ulizaliwa mwaka wa mvua nyingi, na Hooyo alizaliwa ngamia walipokuwa wakinyweshwa. Mimi tu ndiye uliyeniandikia tarehe yangu.

Siku moja uliniambia, "Habiba, hakuna tarehe iliyo tupu. Kila siku ina watu wake ndani. Ni sisi tu hatuwajui."

Nilikuwa na miaka kumi na minne ilipofika ile Ijumaa, tarehe kumi ya Februari, mwaka wa themanini na nne.

Walikuja jua halijapanda. Ulikuwa umeshaswali, umeketi kwenye cherehani kumalizia kanzu ya mteja aliyetaka kuivaa msikitini mchana. Tulisikia malori kwanza, kisha mbwa, kisha watu. Askari walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza ukoo. Wanaume wa ukoo wetu walitakiwa watoke nje na vitambulisho vyao. Hooyo alikushika shati kwa nyuma, akakwambia usitoke, uruke ua uende. Ukamtoa mkono taratibu.

"Wacha nikaongee nao," ukasema. "Lugha yao naijua."

Nilikusikia ukiwasalimia. "Habari za asubuhi, afande. Karibuni." Kiswahili safi, cha mtangazaji. Sikusikia jibu. Kisha ukageuka mlangoni ukaniambia, "Zima redio, betri zisiishe." Nikaenda kuizima. Niliporudi ulikuwa umeshapanda lori, na kati ya migongo mingi sikuutambua wako.

Yaliyofuata huhitaji kusimuliwa na mimi. Uliyaona. Sisi tuliyajua kwa minong'ono tu: kwamba mlipelekwa Wagalla, kwenye uwanja wa ndege nje ya mji, kwamba mlivuliwa nguo mkalazwa juani siku baada ya siku bila maji, kwamba wengine walipigwa risasi wakikimbia na wengine hawakuwa na nguvu ya kukimbia. Huku mtaani nyumba zilichomwa. Waliorudi walirudi na ngozi iliyobabuka na macho yasiyotulia mahali. Hooyo alimwendea kila mmoja. Hakuna aliyekuona ukianguka. Hakuna aliyekuona ukitoroka. Muuza maziwa mmoja alisema alikuona siku ya kwanza umekaa wima, basi. Hooyo akalishika hilo la kukaa wima, akaishi nalo.

"Aliyemwona akifa na aje aniambie," alisema. "Asiyemwona anyamaze."

Wakanyamaza wote. Miezi michache baadaye tulipanda lori kuja Garissa kwa Abti, kaka yake Hooyo, ambaye ana nyumba mtaa wa Galbet. Tumekaa hapa tangu siku hizo.

Aabo, nataka nikueleze hofu ilivyo, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa hofu. Hofu si kutetemeka. Mtu anatetemeka mara moja akaacha. Hofu ni kazi ya nyumbani, unaifanya kila siku. Nilijifunza kutotamka jina la Wajir mbele ya mtu nisiyemjua. Nilijifunza kuvuka barabara nikiona kofia ya askari, bila kuharakisha, kwa sababu anayeharakisha huitwa. Mwaka wa tisini tulipopangwa foleni Wasomali wote tuhakikiwe kama ni Wakenya, mzee mmoja wa jopo aliniuliza baba yuko wapi. Sikuweza kusema umekufa, maana Hooyo alikuwa nyuma yangu. Sikuweza kusema ulichukuliwa, maana aliyekaa kando ya mzee yule alikuwa amevaa sare. Nikasema, "Amesafiri." Wakaandika hivyo. Wakanipa ile kadi yao ya waridi, nami nikaiweka kwenye mkoba nikijua kwamba katika makaratasi ya serikali wewe uko safarini.

Nikawa mwalimu, na ningali. Nafundisha madarasa ya chini. Wanafunzi wangu wengi, ukisoma rejista, wamezaliwa tarehe mosi Januari. Mzazi akisema hajui, karani anaandika mosi Januari, kazi imekwisha. Walimu wanaotoka bara hucheka, wanauliza huku kwenu wanawake hujifungua siku moja tu kwa mwaka? Mimi nacheka nao. Lakini moyoni niliwaonea wivu watoto wale. Tarehe mosi Januari haina damu ya mtu wetu.

Niliolewa na Abdi, dereva wa lori la mifugo, kijana wa hapahapa Garissa, mpole, asiye na maneno mengi. Watu wake hawakuguswa na mambo ya Wajir. Nilimweleza mara moja, akasikiliza, hakuuliza tena. Nikashika mimba. Mkunga aliniambia nitajifungua mwisho wa Februari, nami nikamshukuru Mungu.

Lakini uchungu ulinianza Jumatano, tarehe tisa Februari. Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa kitandani hospitalini, nimebana miguu kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Muuguzi wa zamu alikuwa mama mnene wa Ukambani, mwenye mikono ya moto.

"Sukuma, mama," akasema.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi. Sukuma."

"Tafadhali, asubiri kesho."

Alifikiri nimechanganyikiwa. "Mtoto hasomi kalenda," akaniambia. "Ukimzuia utamuua."

Neno lile ndilo lililonifungua miguu. Akatoka saa tano, mvulana, analia kwa sauti nene. Nilimwomba muuguzi aandike tarehe kumi na moja. Akanitazama kwa muda, akaandika kumi, akanikabidhi kadi. Miaka kumi kamili, Aabo. Walikuchukua asubuhi, na asubuhi hiyohiyo nikaletewa mwingine. Abdi alitaka tumwite kwa jina lako. Nilikataa nikalia mpaka akaogopa. Tukamwita Yahya, kwa sababu maana yake ni yule anayeishi.

Kama angekuwa msichana ningelala usingizi. Lakini ni mvulana, na mvulana anakua anakuwa mwanamume, na wanaume ndio huulizwa ukoo asubuhi. Nilianza kuhesabu: akifika kumi na nane atachukua kitambulisho, na kwenye kitambulisho itaandikwa tarehe ile, na siku moja afande atakishika mkononi. Kwa hiyo kadi ya hospitali niliificha. Nilimwambia Abdi imepotea. Nikapata barua kwa chifu kwamba mtoto amezaliwa tarehe mosi Januari, kama wenzake.

Na kila ilipofika Februari nilikuwa mgonjwa. Mwalimu mkuu aliuita ugonjwa wangu malaria ya mwezi wa pili. Tarehe kumi nilikaa ndani na mtoto, mlango umefungwa kwa komeo, madirisha yamefungwa ijapokuwa joto la Garissa wakati huo linapika watu. Nilifungua redio kwa sauti ya chini kusikiliza kama wataisema. Walisema malkia mmoja wa Uingereza wa zamani aliolewa siku kama ya leo. Walisema siku kama ya leo ulitiwa saini mkataba wa amani wa Paris. Walisema wapelelezi wa mataifa makubwa walibadilishanwa juu ya daraja. Mwaka mmoja wakaongeza kwamba mashine ilimshinda bingwa wa sataranji. Wajir hawakuitaja hata mara moja. Nikazima, nikakaa nimemkumbatia Yahya mpaka jua lizame. Hooyo alikuwa pembeni anavuta tasbihi yake. Hatukuwahi kusemezana juu ya siku ile, yeye na mimi. Kila mmoja alifikiri anamlinda mwenzake.

Sasa nifike mwaka huu.

Tarehe kumi iliangukia Jumatano. Wiki ile wakaguzi wa shule walikuwa wanakuja, na mwalimu mkuu akanionya mapema kwamba mwaka huu malaria yangu haitakubaliwa. Nilimwachia Hooyo mtoto. Nikamwambia mara tatu: "Msitoke. Hata dukani. Nitarudi saa saba." Hooyo akaitikia kwa kichwa. Abdi alikuwa njiani kutoka Nairobi.

Nilirudi saa saba. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani kimya. Jiko limepoa. Niliita, "Hooyo," nikaita, "Yahya." Nikachungulia uani, chooni, chini ya kitanda. Viatu vya mtoto havikuwepo. Kanzu yake ya Idi, niliyoiacha imetundikwa, haikuwepo.

Siwezi kukueleza mwili wangu ulifanya nini. Nilijikuta njiani na kiatu kimoja. Jirani yangu alikuwa anafua, akasema hakuwaona. Nilikimbia kwanza mtoni, kwa sababu watoto huzama Tana na mamba wapo. Kulikuwa na wanawake wanachota maji. Walisema hakuna mtoto aliyepita. Nikakimbilia kwa Abti, hayupo, amekwenda soko la mifugo. Nikarudi barabara kubwa. Jua limesimama kichwani. Koo langu lilikuwa limekauka kabisa na wakati ule, Aabo, nilikufikiria wewe juani, ukiwa na kiu, na nikaona kwamba siku imekuja kuchukua ilichobakisha.

Mbele ya duka moja alikuwa amesimama askari. Polisi kijana, mweusi, mrefu, bunduki begani, anakunywa soda.

Miaka kumi na mitano nilikuwa sijamsogelea mtu wa sare kwa hiari yangu. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikimtazama, na watu wanapita katikati yetu, na nilijua kwamba kila dakika ninayosimama pale mtoto wangu anazidi kwenda mbali. Nikavuka.

"Afande," nikasema. "Habari za mchana." Sauti iliyotoka ilikuwa yako. Ndivyo ulivyowasalimia.

Akaniangalia mguu usio na kiatu. "Mama, kuna nini?"

"Mtoto wangu amepotea."

Akaweka chupa chini. Akatoa kijitabu mfukoni na kalamu. "Anaitwa nani?"

"Yahya Abdi."

"Ana miaka mingapi? Amezaliwa lini?"

Ningeweza kusema mosi Januari. Ulimi wangu ulikuwa umezoea. Lakini niliona kwamba nikidanganya sasa, na mtoto asipopatikana, nitakuwa nimempoteza mtu ambaye hakuwahi kuwapo. "Tarehe kumi Februari," nikasema. "Tisini na nne."

Akaandika. Kisha akasita, akatazama saa yake yenye tarehe. "Leo ndiyo siku yake ya kuzaliwa, kumbe."

Akasema, "Twende," akatangulia.

Alikuwa anauliza kila mtu. Ilikuwa ajabu kutembea nyuma ya bunduki inayomtafuta mwanangu. Watu walimjibu kwa woga uleule wangu, kwa maneno machache, macho chini. Mwisho mama mmoja wa chai, karibu na msikiti, akamwambia, "Mama mzee na toto dogo ya kanzu nyeube, nabita hapa asubuhi. Nakwenda kwa kadhi."

Kwa kadhi. Nilidhani nimesikia vibaya. Hooyo hakuwahi kukanyaga mlango wa kadhi, ingawa tangu zamani watu walimshauri aende ukahukumiwe kuwa umekufa, naye alichukia kusikia.

Tulifika. Askari akasimama kizingitini, hakuingia, akaniachia nafasi nipite. Chumba kilikuwa na benchi na meza na feni isiyofanya kazi. Kwenye benchi aliketi mama yangu, amenyooka, na ubavuni mwake Yahya, amevaa kanzu ya Idi, amelala usingizi na mdomo wazi. Nilipiga magoti nikamshika. Akafumbua macho akasema ana njaa.

"Kwa nini?" nikamuuliza Hooyo. Sauti yangu ilikuwa ya ukali ambao sikuwahi kumtolea. "Leo? Kati ya siku zote, leo? Nimekwenda mtoni kumtafuta."

Hooyo alimweka sawa Yahya kola ya kanzu. Kisha akasema, "Asubuhi mjukuu wangu ameniuliza, ayeeyo, kwa nini siku hii tunafungiwa. Nimemwambia kuna joto. Akasema jana kulikuwa na joto pia. Habiba, mtoto wa miaka mitano. Nikaona aibu."

"Ungeningoja."

"Ungenizuia."

Ni kweli, ningemzuia.

"Na huyu," nikamwonyesha Yahya, "umemleta wa nini?"

"Nilitaka mwanamume wa damu yake awepo," akasema Hooyo. "Ni huyu tu."

Kadhi, mzee mtulivu mwenye miwani, alikuwa ametusubiri tumalize. Akamuuliza mama yangu upya, mbele yangu, kama sheria inavyotaka. Mume wake aliondoka lini? Alimtafuta? Kuna habari yoyote, barua, mjumbe, mtu aliyemwona? Hooyo akajibu kila swali kwa sauti ya kawaida. Alipofika kwenye lile la muuza maziwa aliyekuona umekaa wima, akakwama. Alifungua mdomo mara mbili. Kisha akasema, "Hakuna aliyemwona," na hapo nikajua ameachia.

Kadhi aliandika kwa muda mrefu. Akasema kwamba kwa kupita miaka hii yote bila habari, anahukumu kuwa mtu huyu amefariki, na kwamba eda ya mkewe inaanza leo, miezi minne na siku kumi. Akasema inna lillahi. Tukaitikia. Yahya naye akaitikia, kwa vile amefundishwa madrasa.

Nilipotoka nje askari alikuwa bado pale, kwenye ukuta, anajikinga jua. "Amepatikana?" akauliza. Nikasema ndiyo, nikamshukuru. Akaona uso wangu. "Sasa mbona unalia?"

"Tumefiwa na baba yangu."

"Pole sana. Amefariki lini?"

"Tarehe ya leo." Angekubali hapo, angeenda zake. Sijui ni nani aliyenisukuma. "Mwaka wa themanini na nne. Wajir."

Niliona neno lile la Wajir likimwingia polepole. Akaangalia viatu vyake, akaangalia barabara kulia na kushoto. "Mimi wakati huo nilikuwa darasa la pili," akasema. Halafu akaniinamia kidogo, sauti ya chini: "Mama, hayo usiyasemee barabarani." Akaenda.

Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alinionya. Nimelipima neno lile mara elfu, upande huu na upande ule. Tulikuswalia jioni ile baada ya Alasiri, swala ya mayiti asiyekuwepo, msikiti wetu wa Galbet ukajaa, watu wa Wajir walioko hapa wakatoka ambao sikujua hata kwamba ni wa Wajir. Wanaume watu wazima walilia wakiwa wamesimama safuni. Mimi nilisikiliza kutoka upande wa wanawake, na katikati ya dua nilikuwa nafikiria kijitabu kilicho mfukoni mwa askari, chenye jina la mwanangu.

Wiki mbili nilimngoja aje. Akaja, asubuhi ya Jumamosi, peke yake. Nilimwona kupitia tundu la dirisha nikamsukuma Yahya chini ya kitanda, nikamwambia asipumue kwa nguvu. Nikafungua. Alikuwa ameshika karatasi.

"Ile taarifa ya mtoto," akasema. "Niliiandikisha kituoni. Lazima utie saini kwamba amepatikana, vinginevyo itabaki amepotea."

Nikaichukua. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma. Yahya Abdi, mvulana, amezaliwa tarehe kumi Februari, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nne. Ukiacha ile kadi niliyoificha, ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali kusema ukweli juu ya mwanangu, na iliandikwa na polisi. Nikatia saini. Akauliza mtoto yuko wapi, nikasema kwa mjomba wangu, nikasikia kitanda kikigongwa na kichwa. Naye akasikia. Akakunja karatasi akanitakia siku njema.

Nilikaa sakafuni baada ya yeye kuondoka. Yahya alitoka na vumbi kwenye nywele, akaniuliza, "Hooyo, yule alikuwa mtu mbaya?"

Nikasema, "Sijui." Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo, na afadhali nimpe hilo kuliko ule uongo wa joto.

Wiki hiyo nilimpa Abdi kadi ya hospitali. Nilidhani atakasirika kwamba nilimdanganya miaka mitano. Aliigeuza mkononi akasema, "Nilijua," akaenda nayo mjini, akarudi na cheti cha kuzaliwa. Tarehe ni ile. Bado siwezi kuitazama kwa muda mrefu, lakini imo ndani ya sanduku pamoja na makaratasi mengine ya nyumba.

Hooyo alikaa eda yake yote. Mwanamke mzee, mjane wa miaka kumi na mitano, amevaa nyeupe kama aliyefiwa jana. Majirani waliokuja kumpa pole wengine hawakuwa wamezaliwa ulipochukuliwa. Alilia mwezi wa kwanza wote. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, na niliogopa atajimaliza. Mwezi wa pili akaanza kukutaja. Alitaja mambo madogo: kwamba ulikoroma, kwamba ulimdanganya mahari ni ngamia wazima kumbe mmoja anachechemea. Yahya alikaa miguuni pake akisikiliza. Sasa ana babu. Anauliza kama ulikuwa mrefu.

Juzi eda imeisha. Hooyo akaoga, akajifukiza uvumba, akavaa nguo ya rangi, akaniita. Nilidhani anataka chai. Akasema anataka kwenda Wajir, afike Wagalla.

Nilimwambia njia ni mbaya. Majambazi wanasimamisha magari, malori yanakwenda kwa msafara na askari. Nilimwambia hakuna kaburi, hakuna jiwe, hatujui umelala upande gani wa uwanja ule, au hata kama uko mle. Nilimwambia tutaonekana, tutaulizwa tunatafuta nini. Yote niliyosema ni kweli. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Watu wanapita pale na mbuzi wao," akasema. "Na sisi tutapita."

Tunaondoka kesho alfajiri, na lori la Abdi, sisi wanne. Nguo za mtoto nimeshazifunga. Nimefunga, nikafungua, nikafunga tena. Sitaki kukudanganya kwamba nimekuwa jasiri. Naogopa njia, naogopa vizuizi, naogopa sare zitakazokuwa juu ya gari la mbele zikitulinda. Zaidi ya yote naogopa kusimama pale na kusikia uwanja mtupu umenyamaza.

Lakini Hooyo amekwisha panga la kufanya. Tutasimama ukingoni, hatutaingia ndani, tusije tukamkanyaga mtu. Kisha tutatoa ile salamu inayotolewa makaburini, amani iwe juu yenu, enyi wakazi wa mahali hapa, nasi tutawafuata Mungu akipenda. Salamu hiyo haitaji jina la mtu, Aabo. Yahya ameifanyia mazoezi tangu jana na anataka aitoe yeye. Ana sauti nene. Itawafikia wote, nawe utaisikia.

Lala salama mpaka tufike.

Ni mimi, binti yako wa pekee.